Menyu Inayocheza na Roboti Isiyobofya

Mtu akikuletea tovuti mpya uikague, usimwache akuongoze kwa kipanya chake. Atakupitisha anakojua pamepambwa: menyu itashuka kwa madaha, vile vistari vitatu vya pembeni vitajikunja na kuwa alama ya kufunga, nembo itameremeta, nawe utasema "safi sana" kabla hujajua umeonyeshwa nini. Mshukuru, chukua simu yako mwenyewe, fungua anwani ile ile, kisha weka kidole juu ya neno lolote la menyu na ukishikilie hapo kidogo. Kivinjari kikikuletea chaguo la kufungua ukurasa kwenye kichupo kipya au kunakili anwani, umegusa kiungo cha kweli. Kisipoleta kitu, au kikachagua maandishi tu kana kwamba umegusa aya ya kawaida, umegusa mlango uliochorwa ukutani.

Kipimo hicho ni cha bure, hakihitaji ujuzi wa programu, na kinafichua zaidi ya nusu ya ninachokitafuta ninapopima kazi ya namna hii. Sababu ni kwamba roboti inayoisoma tovuti kwa niaba ya Google haina kidole. Huupakua ukurasa, huisoma HTML yake, kisha huuweka kwenye foleni ili ufunguliwe ndani ya Chrome isiyo na skrini, JavaScript iendeshwe, na kilichotokea kisomwe tena. Tangu Mei 2019 Chrome hiyo husasishwa sambamba na hizi tunazotumia sisi, kwa hiyo anayekuambia kwamba "Google haisomi JavaScript" anarudia habari za zamani. Ila kuna jambo halijabadilika: roboti haibofyi. Haipitishi kipanya juu ya neno ili orodha ishuke, wala haivuti menyu kutoka pembeni. Inachotafuta ni tagi ya "a" yenye "href", na ndani ya "href" hiyo anwani inayofunguka. Google imeliandika hilo bila kuficha katika maelekezo yake kwa watengenezaji wa tovuti, na bado kila wiki kuna mtu analipia menyu isiyo nayo.

Kilichofichwa na kisichokuwepo

Tubuni kampuni ya utalii ya Arusha. Menyu yake ina maneno matano: Safari, Kupanda Mlima, Pwani, Bei, Mawasiliano. Ukipita juu ya neno Safari, zinashuka mbuga nne: Serengeti, Ngorongoro, Tarangire, Manyara. Wape kazi hiyo mafundi watatu.

Wa kwanza ataandika mbuga zote nne ndani ya HTML kama viungo vya kawaida, kila kimoja na anwani yake, mathalani href="/safari/serengeti". Halafu kwa CSS ataipa orodha hiyo "opacity" ya sifuri, ataiwekea "visibility" ya kufichwa, ataipandisha juu kidogo, na ataruhusu ishuke na kuonekana pale kipanya kinapofika au pale mtu anapoifikia kwa kibodi. Wa pili ataandika neno Safari peke yake, na atatega JavaScript iende kuomba orodha kwenye seva mtu anapobofya. Wa tatu ataziandika mbuga zote nne, lakini kila jina atalifunga kwenye "span" yenye "onclick", bila "href".

Kwa macho, kazi hizi tatu ni pacha. Zote zinashuka kwa mwendo ule ule, rangi ile ile, kivuli kile kile. Kwa roboti, tovuti ya kwanza ina kurasa nne za mbuga, na kila moja imetambulishwa kwa jina lake. Ya pili haina hata moja. Ya tatu ina majina manne yanayosomeka na hakuna njia ya kufika kwenye kurasa zenyewe. Hapa ndipo jicho la mjuzi linapotofautiana na jicho la mteja: mteja anauliza menyu inaonekanaje ikifunguka, mjuzi anauliza imebaki nini ikiwa imefungwa.

Wengi huogopa kwamba kuficha viungo kwa CSS kutawaletea adhabu. Hofu hiyo haina msingi. Sera za Google dhidi ya spamu zinataja kwa majina vitu vinavyofichwa na kufunuliwa bila kosa: vichupo na sehemu zinazokunjuka, picha zinazopishana, vidokezo vinavyotokea juu ya neno, na maandishi yaliyowekwa kwa ajili ya visoma skrini vya wasioona. Tena, tangu Google ilipoanza kuyatumia matoleo ya simu kama msingi wa kumbukumbu zake, kazi iliyotangazwa 2016 na kukamilishwa Oktoba 2023, isingewezekana kuwa vingine. Kwenye skrini ya simu karibu kila menyu imefichwa mpaka iguswe. Ila kuna tahadhari moja: kama menyu ya kompyuta ina viungo arobaini na ile ya simu fundi ameipunguza mpaka vitano "ili isichoshe", Google inaisoma ile ya vitano.

Fundi wa pili akibanwa atakuambia asikusumbue mtu, ameshaweka ramani ya tovuti, lile faili la sitemap.xml. Ni kweli ramani inasaidia. Utaratibu wake upo tangu 2005, na faili moja hubeba hadi anwani 50,000. Lakini ramani inataja tu kwamba ukurasa upo. Haisemi ukurasa gani unauelekea ukurasa gani, wala haibebi yale maneno ya kiungo yanayoieleza roboti kwamba huku ndiko kuna Tarangire. Ukurasa unaojulikana kwa ramani peke yake, bila kiungo chochote kutoka kurasa wenzake, mafundi huuita yatima, na hupewa uzito wa yatima. Ramani ni ya kuongezea.

Somo la Flash

Anayetaka kujua kwa nini sisi wakaguzi tumekuwa wakali hivi na aikumbuke Flash. Macromedia iliinunua teknolojia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kutoka kampuni iliyoiita FutureSplash, na kwa miaka kumi na kitu kila tovuti iliyojiheshimu ilitaka kufunguka kwa sinema fupi: nembo inazunguka, muziki unapiga, na pembeni kuna maneno ya kuomba uruke utangulizi. Menyu zake zilikuwa nzuri kweli, tusizikane. Hadi leo sijaona CSS ikifanya baadhi ya yale ambayo kijana mwenye kipaji aliyafanya na Flash mwaka 2003.

Tatizo lilikuwa umbo lake. Tovuti nzima ilifungwa ndani ya faili moja la .swf. Ukibofya Huduma au Bei, anwani ya juu haikubadilika. Hukuweza kumtumia mtu ukurasa wa bei, kitufe cha kurudi nyuma kilikutoa nje ya tovuti kabisa, na roboti iliona kisanduku kimoja kisichosomeka. Juni 2008 Google ilitangaza kwamba, kwa msaada wa Adobe iliyokuwa imekwisha kuinunua Macromedia, imeanza kuyasoma maandishi ya ndani ya Flash. Watu walishangilia mapema mno. Kusoma maneno yote ya tovuti yakiwa rundo moja chini ya anwani moja hakumsaidii mtu anayetafuta bei tu.

Katika miaka hiyo ndipo spamu ya menyu ilipokolea. Kwa kuwa kisanduku hakisomeki, mafundi walianza kuweka maneno pembeni yake: ndani ya "noembed", ndani ya "noscript", chini ya picha, kwa herufi nyeupe juu ya ukuta mweupe. Wachache waliweka kilekile kilichokuwa ndani ya Flash, yaani orodha ileile ya viungo kwa maandishi. Zana iitwayo SWFObject ilijengwa kwa nia hiyo njema: HTML kamili huandikwa kwanza, na Flash huwekwa juu yake pale tu kivinjari kinapoiweza. Wengine, na ndio waliokuwa wengi, waliona shimo lisilotazamwa na mtu wakalijaza kila neno la biashara waliloweza kulifikiria.

Mwisho wake unajulikana. iPhone ilitoka 2007 bila Flash, Aprili 2010 Steve Jobs akaandika waraka wa kueleza kwa nini haitakuwa nayo, Oktoba 2019 Google ikatangaza kuacha kuisoma, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ikaifunga. Tovuti zilizokuwa na HTML chini ya Flash ziliendelea kufunguka. Zile zilizotegemea Flash peke yake zilibaki visanduku vya kijivu.

Kosa hilo lilirudi kwa jina jingine. Kwa muda mfupi, kuanzia 2009, Google yenyewe ilipendekeza anwani zenye alama ya "#!" kwa ajili ya tovuti zinazobadilisha kurasa kwa JavaScript bila kupakua upya. Twitter ilizitumia. Gawker, kundi la magazeti ya mtandaoni la Marekani, liliingia kwa miguu yote miwili Februari 2011, na hitilafu ya JavaScript ikaziacha kurasa zake tupu kwa kila msomaji. Google iliuacha utaratibu huo Oktoba 2015. Mpaka leo, ukiona menyu ambayo kila kiungo chake kinaishia kwenye alama ya "#" na neno, na kila neno limekusudiwa liwe ukurasa wake, jua kwamba kwa Google huo wote ni ukurasa mmoja, kwa kuwa kinachofuata "#" hakihesabiwi. Vivinjari vimekuwa na History API kwa miaka mingi, nayo humwezesha fundi kubadili ukurasa kwa mbwembwe zote huku anwani halisi ikibadilika juu. Siku hizi hana kisingizio.

Mstari wa spamu

Sasa twende kwenye sehemu ambayo mafundi wazuri na wabaya hutumia maneno yale yale. Wote wawili watakuambia "nimeisaidia Google iisome menyu yako". Utawatofautishaje?

Kigezo changu ni kimoja. Kila neno ambalo roboti inalipata, mtu wa kawaida anaweza kulifikia kwa kubofya, kugusa, kibodi au kisoma skrini, na akalikuta likisema jambo lile lile? Jibu likiwa ndiyo, ficha utakavyo, cheza utakavyo. Jibu likiwa hapana, hiyo ni spamu, hata kama kila neno ni la kweli.

Hilo la "hata kama" ndilo linalowapiga watu chenga, na mfano wake bora ni wa BMW. Februari 2006 Google iliiondoa bmw.de, tovuti ya kampuni hiyo kwa Ujerumani, katika matokeo yake. Kurasa zake kadhaa ziliipa roboti maandishi marefu yaliyorudiarudia neno la magari yaliyotumika. Mtu aliyefungua kurasa hizo hizo alirushwa na JavaScript papo hapo hadi ukurasa mwingine, wenye picha za kuvutia na maneno machache. Matt Cutts, mhandisi aliyekuwa akiongoza vita dhidi ya spamu ndani ya Google, alilieleza jambo hilo hadharani. Kurasa zile zilipofutwa, tovuti ilirudishwa baada ya siku chache. BMW inauza magari yaliyotumika, hakuna aliyesema uongo. Kosa lilikuwa kuwa na nyuso mbili, moja ya roboti na nyingine ya mteja. Na kiini cha balaa hilo ni kile kile cha Flash: ukurasa mzuri usiosomeka, kisha maneno yakatafutiwa mahali pengine pa kukaa badala ya kuwekwa kwenye ukurasa wenyewe.

Huku kwetu uso wa pili haufanani na ule wa BMW, lakini ni ndugu yake. Shuka hadi chini kabisa ya tovuti ya kukodisha magari, uone kama hakuna rundo la viungo vya rangi iliyofifia: kodi gari Dar es Salaam, kodi gari bei nafuu Dar es Salaam, kukodi gari Arusha, gari la kukodi Arusha, Moshi, Dodoma, Mwanza, Tanga. Bofya viwili vitatu. Ukikuta ukurasa ule ule, aya zile zile, jina la mji tu limebadilishwa, na kampuni haina ofisi wala gari Tanga, hizo ni kurasa za chambo. Google inazitaja katika sera zake. Zingekuwa halali kama ukurasa wa Tanga ungemwambia mtu wa Tanga kitu ambacho ule wa Dodoma hausemi: namba ya ofisi, bei ya huko, mahali pa kuchukulia gari.

Pa pili pa kutazama ni ndani ya sifa ambazo macho hayazioni: "alt" ya picha, "title", "aria-label". Menyu nyingi za mbwembwe hutumia michoro badala ya maneno, na hapo "alt" ni ya lazima, kwa sababu ndiyo inayosimama badala ya maandishi ya kiungo. Mchoro wa nyumba uandikwe "Mwanzo". Mchoro wa simba uandikwe "Safari za Serengeti" kama ndiko unakoelekea. Ukifungua msimbo ukakuta simba huyo ameandikiwa "safari Tanzania safari bora Tanzania safari bei rahisi Serengeti safari 2024 utalii", usifikirie Google kwanza, mfikirie asiyeona. Sifa hizi ziliwekwa kwa ajili yake. Kila akipita kwenye menyu, kisoma skrini kitamsomea utumbo huo wote kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, kabla hajafika kwenye bei. Katika aina zote za spamu hii ndiyo ninayoichukia kuliko zote, na fundi aliyeiweka simpi alama nyingine yoyote hata kama menyu yake inateleza vizuri namna gani.

Yaliyobaki ni ya kupita haraka. Kiungo kilichofichwa kwenye nukta au kistari katikati ya aya ni udanganyifu mtupu. Herufi za ukubwa wa sifuri, vilevile. Fundi anayekutoza hela kwa kuandika "meta keywords" anakuuzia kitu ambacho Google ilisema 2009 kwamba haikitumii. Na anayekuahidi nafasi ya kwanza, muulize anaipata wapi mamlaka hiyo.

Bendera mbili

Kuna kasoro moja ambayo vitabu vya Wazungu huipitia juu juu na kwetu inaumiza sana: kitufe cha lugha. Karibu kila tovuti ya taasisi za Tanzania na Kenya ina bendera mbili pembeni ya menyu, au herufi SW na EN. Ukibofya, maandishi hufifia kwa upole na kurudi yakiwa kwa lugha nyingine. Inapendeza. Sasa tazama anwani ya juu. Kama haikubadilika, tovuti hiyo kwa Google ina lugha moja, ile inayofunguka kwanza, na mara nyingi ni Kiingereza. Kiswahili chote kilichotafsiriwa kwa jasho kimekaa nyuma ya kitufe ambacho roboti haitakibofya kamwe.

Kuna toleo baya zaidi: tovuti inayokisia lugha kwa nchi ya mgeni au kwa mpangilio wa kivinjari chake. Googlebot, ndiyo ile roboti ya Google, kwa kawaida hutokea Marekani, na haitumi taarifa ya lugha inayopendelea. Itapelekwa kwenye Kiingereza kila mara, na mama wa Morogoro anayetafuta "jinsi ya kupima kiwanja" hataupata ukurasa ambao umeandikwa kwa ajili yake, kwa lugha yake, na watu wa nchi yake.

Kazi nzuri hapa inatambulika kwa urahisi. Kila lugha ina anwani yake, tuseme /sw/ na /en/. Bendera ni kiungo cha kweli kinachoelekea ukurasa ule ule kwa lugha nyingine, si kwenye ukurasa wa mwanzo. Kurasa hizo mbili zimetambulishana kwa "hreflang", na kila moja imetaja lugha yake kwenye tagi ya kwanza ya HTML, ili kisoma skrini kisijaribu kutamka "mawasiliano" kwa matamshi ya London. Ukitaka kufifisha na kuteleza juu ya hayo, karibu.

Maneno ya menyu nayo yana daraja. "Huduma zetu", "Suluhisho", "Gundua zaidi" hayamwambii mtu wala roboti chochote. "Upimaji wa viwanja" na "Hati miliki" yanasema. Nimeona wabunifu wakiyakataa maneno ya namna hii kwa kuwa ni marefu na yanaharibu mpangilio wa herufi. Mpangilio ndio uyafuate maneno. Na tena hapo hapo kuna mpaka: "Upimaji wa viwanja" ni jina la huduma, "Upimaji wa viwanja bei nafuu Tanzania 2025" ni kelele.

Mwendo wenyewe

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani siupendi mchezo wa menyu. Naupenda, na naamini fundi anayejali yaliyo chini ndiye pia hufanya vizuri yaliyo juu. Mwendo mzuri ni mfupi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu na tovuti, aliandika tangu 1993 kwamba ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huhisi jambo limetokea papo hapo, na kwamba ikifika sekunde nzima anahisi amesubirishwa. Menyu inayofunguka kati ya milisekunde 150 na 300 inakaa pazuri. Inayochukua sekunde nzima inapendeza mara ya kwanza, inachosha mara ya tatu, na mara ya kumi mtu anaondoka.

Fundi mjuzi huchezesha "transform" na "opacity" tu, kwa sababu kivinjari huvifanyia kazi bila kupanga upya ukurasa mzima. Anayechezesha "height" au "top" anailazimisha simu ya bei ya chini ihesabu upya kila kitu kwa kila fremu, na utaiona kazi yake ikikwamakwama kwenye simu ambayo wateja wake ndiyo wanayo. Usikague kwenye simu ya fundi. Kagua kwenye yako, tena ukiwa na bando la kawaida. Na jaribu Opera Mini, kivinjari ambacho watu wengi wa huku wamekitumia miaka mingi kubana data: katika hali yake ya kubana zaidi ukurasa hufunguliwa kwenye seva zao, JavaScript hupewa nafasi finyu huko huko, nawe hutumiwa kilichobaki. Menyu iliyojengwa juu ya viungo vya kweli hufika ikiwa hai.

Kisha chukua kompyuta, sukuma kipanya pembeni, na ubonyeze kitufe cha Tab mara kadhaa. Alama ya kuonyesha ulipo inapaswa ionekane kila hatua. Ikitoweka kwa mibonyezo sita saba kisha ikaibuka mbali, umenasa kasoro ambayo hata mafundi wenye jina huifanya: menyu imesukumwa nje ya skrini lakini viungo vyake vimeachwa macho, na mtu wa kibodi anatembea gizani ndani yake. Dawa ni "visibility" au sifa ya "inert". Ukiikuta imetibiwa, mpe fundi heshima yake, maana hakuna mteja aliyemwomba. Mheshimu pia akiwa amekumbuka "prefers-reduced-motion", ule mpangilio wa simu unaowaondolea mwendo watu wanaopatwa na kizunguzungu.

Kwa anayetaka vipimo rasmi, vipo. Miongozo ya WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, inayohusu tovuti kufikiwa na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24. Google inataka tovuti iitikie mguso ndani ya milisekunde 200, kipimo kilichoanza kutumika rasmi Machi 2024. Pia huhesabu ukurasa unavyorukaruka wakati wa kufunguka: menyu unayoifungua mwenyewe haihesabiwi, lakini ile inayochelewa kutokea juu na kusukuma maandishi chini wakati umeshaanza kusoma, inahesabiwa, na ndivyo ipasavyo.

Basi wewe uliyeagiza tovuti, kabla hujamalizia malipo ya awamu ya mwisho, mwombe fundi akae nawe nusu saa. Mwambie azime JavaScript kwenye kivinjari mbele yako na afungue ukurasa wa mwanzo. Mwombe abonyeze Ctrl na U, akutafutie ndani ya msimbo jina la huduma yako inayokuingizia hela, na akuonyeshe "href" yake. Halafu afungue Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, akague ukurasa mmoja wa ndani, na akuonyeshe HTML ambayo Google iliisoma. Hakikisha akaunti hiyo ya Search Console imesajiliwa kwa barua pepe yako wewe, maana onyo la spamu likija litatumwa huko, na yeye anaweza kuwa ameshahamia kazi nyingine.